Poda ya Kavugho

Mpaka leo sinunui poda. Nikipita mahali ambapo mama anampaka mtoto wake mchanga, na ile harufu kavu yenye utamu ikanifikia, najikuta napangusa shingo yangu, kana kwamba kuna kitu kimebaki pale. Watoto wangu watatu nimewalea kwa mafuta tu, na wifi yangu amenicheka mpaka amechoka. Lakini kwetu Butembo poda si ya watoto wachanga peke yao. Ni ya mtu aliyeshinda mtihani. Pointi zikishasomwa, ndugu humrukia mshindi wakammwagia poda kichwani, shingoni, hata masikioni, naye huzunguka mtaani siku nzima akiwa mweupe kama mtu aliyelala ndani ya gunia la unga, ili kila anayekutana naye ajue bila kuuliza. Ni furaha inayoonekana kutoka mbali. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipojua kwamba kuonekana kutoka mbali si jambo zuri kila wakati.

Mwaka ule mji wetu ulikuwa umefungwa. Waasi waliotutawala walikuwa na kambi mjini, vijana waliopigana nao walikuwa vilimani, na sisi tulibanwa katikati. Kila njia ya kutoka ilikuwa na kizuizi: kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na askari aliyekaa kwenye kiti kilichotoka sebuleni kwa mtu. Waliopita walikuwa wanawake wenye majembe waliokwenda mashambani. Barabara ya Beni ndiyo iliyofungwa kabisa. Baba alikuwa amekwenda huko kuuza maharage kwa siku tatu, akakaa miezi saba kwa dada yake, mtaa wa Beu, na habari zake zilitufikia vipande vipande. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka kwenye mikaratusi ukafunika mabati yote ya Vulamba, mtaa wetu, nami niliupenda kwa sababu ulificha vilima. Ukiondoka tu, uliona tena jinsi tulivyozungukwa. Tulizoea kuongea chini chini, hata tulipoombana chumvi. Watu waliacha kuulizana habari, maana habari zilikuwa zimegeuka kitu cha kumwumiza mtu.

Aliyekataa kuongea chini chini alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu. Tulimwita Directeur, na sikumbuki kama nilipata kulijua jina lake jingine. Alikuwa mfupi, mwenye koti moja la kijivu lililojaa chaki mikononi, na alihesabu pointi za kila mtoto mara tatu. Mwanawe mwenyewe alirudia darasa la nne kwa kukosa pointi moja, na Directeur ndiye aliyelisoma jina lake mbele ya watu, kwa sauti ile ile aliyosomea mengine. Siku ya kusoma pointi, ambayo sisi tunaiita proclamation, ilikuwa sikukuu yake. Alikuwa na desturi aliyoianzisha yeye: mtoto asipokuwapo, aliyekaa naye dawati moja ndiye aliyekwenda mbele kumpokelea kadi ya pointi, akamwagiwa poda ya mwenzake, kisha Directeur akamwuliza kwa sauti mwenzake yuko wapi. Naye alijibu kwa sauti vile vile. Hivyo ndivyo mtaa ulivyojua nani ana surua, mama wa nani amejifungua mapacha, na nani amepelekwa kwa nyanya yake kwa sababu baba na mama hawapatani. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, wakapeana pole. Wazee wasio na mtoto shuleni walikuja na viti vyao kusikiliza, maana gazeti halikuwapo.

Wa dawati langu alikuwa Kavugho. Tulikaa pamoja tangu darasa la pili, tukapokezana nafasi ya kwanza miaka yote, nami nilimpenda na kumwonea wivu kwa wakati mmoja. Akimaliza hesabu kabla yangu, alilaza kichwa juu ya dawati akajifanya anakoroma, ili kunichokoza tu. Mwaka wa sita ulikuwa na uzito wake: lisee ya wasichana, yaani sekondari, ilimpokea bila mtihani mwingine mtoto wa kwanza wa kila shule, na wengine waliingia kwa kadi ya pointi, kama nafasi zilibaki. Asiye na kadi hakuingia popote. Baba yake Kavugho alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Alikuwa amemfunga jeraha kijana mmoja wa vilimani, mtu akamsema kambini, na askari wakaanza kumtafuta, naye akatoroka usiku. Sisi tulimaliza mtihani wa mwisho siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi Kavugho alikuja nyuma ya choo chetu, jembe begani, nguo tatu mwilini. "Tunaenda ku Vuhovi, kwa baba mukubwa," aliniambia. "Katungu, hapana kusema. Hata kwa mama yako." Niliapa. Akaniuliza kama nadhani nimempita safari hii, tukacheka, akaondoka na mama yake kama watu wanaokwenda kupalilia.

Wiki mbili baadaye ikawa proclamation. Kamanda wa kambi alituma ujumbe kwamba atakuja kuwapa watoto zawadi kwa mkono wake mwenyewe, na nani angemkatalia? Akakalishwa kwenye kiti cha mchungaji, buti zake safi, mbele yake madaftari na vipande vya sabuni. Askari wawili walifunga lango nyuma yetu wakaliegemea. Wazazi walisimama wamesongamana chini ya ukuta, na Mama alikuwa mstari wa mbele na kopo la poda aliloazima kwa jirani, kwa maana alikuwa na hakika na mimi. Mimi pia nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimekwisha kuchagua dirisha nitakalokaa karibu nalo kule lisee.

"Sixième année," Directeur akasoma. "Premier: Kavugho. Quatre-vingt-six pour cent."

Wa kwanza, mwenye asilimia themanini na sita, hakuwa mimi. Watu walipiga makofi kidogo, kwa woga, kwa sababu kila mtu alijua ni binti wa nani. Nilihisi uso wangu unawaka moto. Nikaenda mbele kama desturi ilivyotaka, nikapokea kadi yake, na Mama, ambaye hakuwa na la kufanya, akanimwagia poda isiyokuwa yangu. Ilinishukia machoni na puani. Halafu Directeur, kwa mazoea yake ya miaka mingi, akainua kichwa kutoka kwenye karatasi.

"Katungu, mwenzako iko wapi?"

Nilimwona akijishtukia kabla hajamaliza kusema. Midomo yake ilibaki wazi, na mkono wake uliinuka kunizuia. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujibu.

"Iko ku Vuhovi," nilisema kwa sauti nzuri ya darasani. "Kwa baba yake mukubwa."

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Nikijihurumia, nasema yalikuwa mazoea tu, kwamba niliulizwa na mkubwa nikajibu. Nikisema kweli, nakumbuka kwamba nilikuwa na hasira. Alikuwa amenishinda bila hata kuwapo, na kitu pekee nilichokuwa nacho mbele ya watu wote wale ni kujua mahali alipo. Siwezi kuapa ni lipi kati ya hayo mawili lililonifungua mdomo, nami nimekwisha kuapa vya kutosha maishani.

Kamanda aliniita kwa kidole, akitabasamu. "Vuhovi," alisema polepole. "Binti ya muganga, ni vile? Mais Vuhovi ni kubwa, mama. Ni kwa baba mukubwa gani?" Aliniita mama, kama tunavyowabembeleza watoto wa kike. Nilitazama lango. Nilimtazama Mama, kopo mkononi. Jina la baba mkubwa nililijua, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na kichwa changu cheupe kilionekana na kila mtu. Sikuwa na pa kujificha.

"Pardon, mon commandant," Directeur akasema. "Ni miye nilikosea. Uyu Kavugho aliisha kuenda Beni kitambo, mbele barabara ifungwe. Hakufanyaka examen. Jina yake ilibakia tu mu liste. Na uyu mutoto anasema maneno ya batoto." Akatoa kalamu mfukoni, akaweka karatasi juu ya goti lake, na mbele yetu sote akachora mstari juu ya jina. Mtu aliyemkatalia mwanawe pointi moja. Mstari ulikwenda kombo. "Donc, premier ni Katungu."

Wazazi wote walijua ni uongo. Watoto wao walikuwa wamekaa na Kavugho katika chumba kimoja siku zote za mtihani. Angetosha mtu mmoja kuguna. Ndipo Mama akapiga kigelegele. Akapiga kingine, na wanawake wakamfuata, wazee wakagonga viti vyao chini, mtu akaanzisha wimbo wa kanisani, wakanizunguka wakanimwagia poda yote iliyobaki. Sijawahi kusikia shangwe kubwa namna ile. Hakuna ambaye angeweza kuuliza swali ndani ya kelele zile. Kamanda alisubiri ziishe, hazikuisha, akanipa madaftari na sabuni, akakung'uta poda iliyomwangukia mkononi, akaenda zake. Nilisimama katikati ya watu wanaonishangilia, nikatamani ardhi inimeze. Kadi ya Kavugho nilikuwa nimeisukuma ndani ya sweta, na ilinikwaruza tumbo kila nilipopumua.

Tulipofika nyumbani Mama alichukua jembe kabla hata ya kunawa. "Hapana kufungulia mutu," alisema, akanifungia kwa nje. Nilimwona kwa ufa wa dirisha akishuka njia ya Vuhovi, mikono yake bado myeupe, akiipangusa kwenye kitenge huku anatembea. Nililala mle ndani peke yangu na harufu ile ya poda. Maji yalikuwapo, lakini niliogopa kuoga, kana kwamba nikiiondoa jambo baya litatokea. Alirudi kesho yake mchana, miguu imevimba, akaketi kizingitini. "Nilibakuta, nikabaambia. Balisha kuenda mbele," alisema. Askari walifika Vuhovi siku mbili baadaye wakakuta nyumba tupu, wakachukua mbuzi. Mama hakunipiga, wala hakunisema. Aliniomba tu kadi aichome. Nilimpa karatasi nyingine iliyokunjwa vizuri, naye akaitia motoni bila kuifungua. Ile yenyewe niliificha ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo. Nilijiambia nitaipeleka barabara zikifunguliwa.

Zilifunguliwa. Siku moja baba yake Kavugho alikuja kwetu, amekonda, kofia mkononi. Binti yake alikuwa amekataliwa kila shule aliyokwenda. Orodha iliyopelekwa kwa wakubwa ilisema hakufanya mtihani, na Directeur alikuwa amekwisha kufariki. Je, ile kadi ilibaki? Mama alimwambia kwa masikitiko ya kweli kwamba aliichoma mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sare ya lisee mwilini. Niliogopa kwamba nikiitoa, watasema nafasi ile si yangu na kuniondoa. Alimshukuru Mama kwa miguu yake ya siku ile, akasema "Wasingya" mara mbili, kwa Kinande, akaondoka. Nilisikia lango likifungwa, nikarudi kwenye vitabu vyangu. Sikulia, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Leo mimi ndiye Directrice wa shule ya msingi huku Beni, mtaa wa Beu. Tuliambiwa vita vilikwisha, lakini watu wanaendelea kutujia kutoka vijijini na magodoro kichwani. Proclamation ninaisoma mapema asubuhi, haraka, na lango naliacha wazi kabisa, kwa sababu siku hizi tunafikiria kukimbia kabla ya kufikiria kitu kingine. Poda bado inamwagwa, nami husogea pembeni. Mtoto asipokuwapo, ninaweka kadi yake chini ya nyingine na kusoma jina linalofuata. Siulizi yuko wapi. Walimu vijana wanadhani nina roho ngumu.

Mwaka jana mama mmoja aliyekimbia alikuja kumwandikisha binti yake. Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza masomo ya mzazi. "Andika cinquième primaire," alisema, na mimi nikaandika darasa la tano. Kisha akaniangalia kwa muda. "Bonjour, premier," akasema, akacheka. Nilikijua kicheko cha Kavugho kabla ya kuujua uso. Kesho yake nilimletea kadi. Nilimwambia yote, ya mbele ya Kamanda na ya nyuma ya pazia, na kalamu ikanidondoka mara mbili. Aliifungua kadi polepole, maana mikunjo ilikuwa inachanika, akapitisha kidole chini ya namba.

"Kumbe nilikupita."

"Kwa pointi moja," nilisema.

Aliigeuza upande wa pili. Nje watoto walikuwa wanaimba somo la saa. "Na iyi karatasi inaweza nisaidia sasa?"

Mimi ninayetia sahihi kadi kama zile kila mwaka nilimwambia hapana. Aliikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa mkono wangu.

"Basi uchunge weye," alisema. "Miye kwangu itapotea, tukikimbia tena."

Nikaipokea kwa niaba yake, mara ya pili.