Rangi ya Buluu

Kuna mafundi wanaotupa vitu, na kuna Dualeh wa mtaa wa Chechelesi. Karakana yake imejaa vyuma ambavyo mtu mwingine angekuwa ameviuza zamani kwa kilo, na ukimuuliza ni vya nini atakujibu kwa jibu moja tu: "Hii bado iko na kazi." Mkewe Habsa alishachoka kumwambia kwamba mlango wa jikoni haufunguki kwa sababu ya injini iliyokufa nyuma yake. Lakini ikija habari ya pampu, Isiolo nzima inamjua, na wakulima wa ngano huteremka kutoka milimani kumtafuta yeye.

Ndivyo alivyokuja Gatakaa, Jumatatu moja, na pampu ya mashine yake ya kunyunyizia dawa ya magugu ikiwa nyuma ya pikapu. Ilikuwa imekufa katikati ya shamba, tangi nyuma ya trekta likiwa bado nusu.

"Ilianza kwa kupoteza presha," Gatakaa alisema. "Nozeli za mwisho, pale dawa inapotokea, zikawa zinadondosha tu."

Dualeh akafungua boliti, akachungulia ndani, akasikitika. "Mama, maji unachota wapi?"

"Mtoni."

"Na dawa ni ya maji ama ya unga?"

"Ya unga."

"Basi wewe na pampu mlikosana tangu mwanzo. Hii ni pampu ya rola, inataka maji safi. Mchanga na unga zimekula rola zote, hivi vigurudumu vya ndani. Saa hii haiwezi kujivutia maji yenyewe hata ukiibembeleza. Wewe nunua ya diaframu. Ndani iko na ngozi za raba, zinasukuma dawa bila kusugua chuma kwa chuma. Bei iko juu, lakini mchanga hauiui haraka."

Akamuuliza trekta lake lina nozeli ngapi na kila moja inatoa kiasi gani kwa dakika. Kwenye hesabu akaongeza maji ya kurudi ndani ya tangi, kwa sababu dawa ya unga isipokorogwa hutuama chini. "Na usinunue ile inatosha kabisa," alisema. "Nunua ya kuzidi kidogo, isifanye kazi ikihema."

Gatakaa akaagiza pampu mpya. Ile ya zamani akamwachia fundi pamoja na paipu yake ya kuvutia maji, na Dualeh akafurahi, maana chuma cha bure kilikuwa ugonjwa wake.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lisemwe tu bila kumpaka mtu mafuta. Pampu iliyokufa ikiwa na dawa tumboni huoshwa siku hiyo hiyo, mara tatu, yenyewe na paipu yake. Dualeh alilijua hilo. Amewahubiria wateja kwa miaka ishirini na kuwagombeza wasiposikia. Lakini mifereji ya Chechelesi ilikuwa mikavu tangu Jumapili, na kopo la rangi ya buluu lilikuwa wazi mezani. Akafuta vumbi, akapaka rangi. Alijiambia kwamba ataiosha maji yakirudi. Alhamisi aliiweka mlangoni ili wapita njia waione, na kweli ilipendeza. Ungedhani imetoka dukani asubuhi hiyo.

Jumamosi alikuwa milimani, shambani kwa Gatakaa, akifunga pampu mpya. Kazi ilienda vizuri hata akaanza kuringa.

"Kila asubuhi angalia oili kwa hiki kioo," alikuwa akimwambia. "Ikigeuka nyeupe kama maziwa, simamisha trekta hapo hapo. Ngozi imepasuka."

Simu ikalia. Alikuwa Habsa, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Baba Sahal, salaam aleikum. Jana nilisahau kukuambia. Abdiwali alipita baada ya swala, lori linamngoja. Pampu ya kisima chao imekufa na ngamia wana siku ya tano bila maji. Nikampa ile yako ya buluu na paipu yake. Si ulisema bado iko na kazi?"

Abdiwali ni kaka yake Habsa, mfugaji wa ngamia upande wa Sericho. Katika ukoo wao, mifugo ikiwa na kiu, kitu kilichokaa bure kwa shemeji huchukuliwa na kuachiwa salamu. Dualeh mwenyewe aliwahi kuchukua gurudumu zima kwa Abdiwali. Hakukuwa na wizi wala kosa la Habsa, na hilo ndilo lililomkata maini, kwamba hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Akapiga simu kwa Abdiwali. Mteja hapatikani. Akapiga tena, na tena.

"Ni nini?" Gatakaa akauliza.

Alipoambiwa, aliingia stoo, akatoka na kopo tupu la ile dawa, karatasi yake ya maelezo ikiwa bado imebandikwa, akalirusha kwenye pikapu. "Panda," alisema. "Hiyo sumu ni yangu pia."

Barabara ya Sericho ni ndefu hata kwa mtu asiye na haraka. Gatakaa aliendesha kwa meno yaliyoumana. Dualeh alijaribu simu kila mahali mtandao uliporudi, na kila mahali ulipopotea alihesabu akilini watu wanaotumia kisima kile. Alipofikia watoto, aliacha kuhesabu.

Walifika jua likiwa limeanza kulegea. Injini ndogo ya petroli ilikuwa ikinguruma kando ya kisima, ikizungusha pampu ya buluu kwa mkanda, na maji ndiyo kwanza yalianza kuingia kwenye hori. Ngamia walikuwa wamezuiwa pembeni wakilia. Mama mkwe wake, Fahmo, ambaye kwa heshima hakuwahi kumwambia maneno kumi kwa mpigo, akamjia na kikombe mkononi.

"Mwenye pampu anywe kwanza," alisema. "Yametoka sasa hivi. Hakuna aliyegusa."

Watu wote walimtazama. Dualeh alikishika kikombe. Angeweza kusema pampu ina hitilafu ndogo, na jina lake lingebaki safi. Wazo hilo lilimjia, na lisifichwe. Kisha akamwaga maji ya mama mkwe wake mchangani, mbele ya ukoo mzima.

"Zimeni injini! Mama, hii pampu iko na sumu ya magugu ndani. Niliipaka rangi kabla ya kuiosha."

Gatakaa alikuwa tayari amelipindua hori kwa mguu. Vijana wakawaswaga ngamia kuelekea kisima cha pili, kule mbali kunakochotwa polepole kwa ndoo. Ndipo Dualeh alipogundua nani hayupo.

"Abdiwali yuko wapi?"

"Amelala kivulini, jua limempiga," Fahmo alisema. "Pampu ilikataa kuvuta asubuhi yote, akawa anaivutia maji kwa mdomo kwenye paipu. Mara nne, mara tano. Tangu hapo anatapika. Vijana ndio wameijaza kwa ndoo hadi ikavuta."

Jumatatu Dualeh alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba pampu ile haiwezi kujivutia maji.

Walimbeba Abdiwali kwa pikapu ile ile hadi hospitali. Daktari alipouliza amekunywa nini, Gatakaa alimpa kopo, na daktari akasoma karatasi kabla hata ya kumgusa mgonjwa. Kwa siku mbili hakuna aliyewaambia kitu cha kushika. Siku ya tatu Abdiwali alifumbua macho, akaomba maji, akamwona shemeji yake ameinamia kitanda.

"Usijilaumu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mimi chuma kikuukuu huwa nakisuuza kwanza. Hiyo niliona inang'aa, nikajua ni mpya."

Dualeh alitazama kucha zake, ambazo bado zilikuwa na rangi ya buluu. Siku ile alipochukua brashi, hilo ndilo hasa alilotaka mtu afikirie.