Faili Tupu Kwenye Akaunti Yangu

Mimi ndiye niliyeifundisha mashine ya dukani kusema "Una barua mpya." Tulikuwa wafanyakazi wanne kwenye duka la jumla la vitenge, Mchafukoge, na mzee mwenye duka hakutaka habari zake zizagae WhatsApp wala zizungumzwe kaunta mbele ya wateja. Mambo ya kazi yaliandikwa. Yalipita kwenye barua pepe za ndani, kwenye kompyuta moja ya mfumo wa Linux tuliyoitumia wote, na asubuhi tulipanga foleni kuingia, kila mtu na neno lake la siri. Nikaongeza mistari michache kwenye faili ambalo mashine hulisoma mtu yeyote anapoingia: ikague sanduku lake, imwambie kama kuna kipya au hakuna. Maandishi nikayafanya makubwa, kwa kujionyesha tu.

Ujinga wangu ulianzia hapo, maana waliokuwa nyuma kwenye foleni walikuwa wanasoma.

Dada mmoja wa Mtwara, aliyeajiriwa miaka mitatu baada yangu, kila siku alikuwa na barua. "Leo tena? Mzee anakukubali, dada!" wenzetu wakasema, naye anacheka. Nikiingia mimi: "Huna barua." Jamaa wa stoo akaguna nyuma yangu, "Dah, pole sana, kaka." Ulikuwa utani, lakini roho iliniuma. Nilimwonea wivu yule dada mpaka kwa jinsi alivyobonyeza kitufe cha kuingia, bila haraka, kama mtu anayejua chakula chake kimefunikwa mezani.

Asubuhi moja uvumilivu ukanishinda. Ningefuta tangazo lote, watu wangeuliza. Nikatengeneza faili tupu kwenye akaunti yangu, kisha nikaweka sharti: mashine ikilikuta faili hilo kwa mtu, imwache aingie kimya. Tangu siku hiyo niliingia bila kuambiwa chochote, na hakuna aliyenitania. Sanduku lenyewe sikuligusa. Nilifungue la nini, wakati najua halina kitu?

Hazikupita wiki tatu, mzee akatangaza kwamba tawi jipya la Buguruni litaongozwa na yule dada. Tawi hilo nililitaka kuliko kitu chochote, na duka zima lilijua. Nikapanda ofisini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?" Hakuinua macho. "Nimekuandikia mara mbili, nakuuliza utaenda Buguruni au huendi. Kimya. Nikasema huyu hataki."

Nilishuka, nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua sanduku langu. Barua zilikuwa tatu. Mbili za mzee, fupi, kama anavyozungumza. Ya tatu ilitoka kwa yule dada, ya Jumatano ya wiki iliyotangulia:

"Kaka, mambo? Mzee kaniambia hujamjibu kuhusu Buguruni. Anataka kunipa mimi, nimemwomba akusubiri mpaka Ijumaa. Ile nafasi ni ya kwako. Mjibu basi."

Niliisoma huku yeye yuko hatua tatu kutoka kwangu, anamkunjia mteja vitenge. Nilipaswa kwenda kumshukuru. Sikwenda. Nilimwonea wivu kuliko siku zote, na safari hii haukuwa wa barua wala wa tawi. Nilijua kwamba ningekuwa mimi, nisingemwandikia.