Gramu Mia na Thelathini za Fundi Saa

Shangazi yangu alipima vifurushi posta kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi ile ilimwingia kwenye damu. Alipostaafu, ofisi ilikuwa inaondoa mizani za zamani, akainunua ile aliyoizoea, ya sahani ya shaba pamoja na mawe yake saba, akaiweka juu ya meza ya jikoni mahali ambapo watu wengine huweka redio. Kila kitu ndani ya nyumba ile kimepimwa, na uzito wake umeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Sufuria kubwa: 1,240. Pasi: 1,675. Mimi mwenyewe nilipozaliwa nilipitishwa posta kwanza kabla ya kufikishwa nyumbani, na mpaka leo ananikumbusha kwamba mkunga aliniongezea gramu tisini za bure. Mtaani wanamwita Mama Mizani. Anajua, na wala hachukii.

Hana mambo mengi. Ana mimi, fundi cherehani, niliyepanga chumba chake cha uani na ninayelipa kodi kwa kumshonea nguo na kumvumilia. Na ana Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi huenda kwenye ukuta wa bwawa la maji nyuma ya mji, akafungua kiti chake cha kukunja, akavua samaki kwa fimbo mpaka saa sita. Mtindo huo aliuanza na mumewe, fundi saa, mtu mkimya aliyeweza kumaliza wiki nzima kwa maneno ishirini. Fundi Saa alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo, Jumamosi ndiyo siku pekee ninayomsikia shangazi akiimba jikoni. Siku nyingine huwa anafoka tu.

Sasa mwaka huu kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kuvimba. Mtaalamu wa viungo alimwambia bila kupindapinda, "Mama, tafuta fimbo isiyokuchosha mkono. Ikishindikana, acha kuvua kabisa, la sivyo utafika mahali hata kijiko kitakushinda."

"Yaani nyepesi. Ya gramu ngapi?" shangazi akauliza.

Mtaalamu akacheka, akidhani anataniwa. "Nyepesi tu, mama."

Alirudi nyumbani amevimba kuliko hicho kifundo. "Mtu amesoma miaka yote ile, anasema 'nyepesi tu'! Ningempokelea kifurushi kilichoandikwa 'kizito kiasi', angefurahi?" Lakini nilimwona ameshika tama, na nikajua ameogopa. Kuacha bwawa kwake kulikuwa ni kumzika mumewe mara ya pili.

Alhamisi tukaenda duka la zana za uvuvi. Pesa ilikuwapo, ila ilikuwa na kazi yake: alikuwa ameiweka akiba kwa ajili ya miwani, maana ile ya zamani ilikuwa haimwonyeshi tena kiboya cha mshipi kikielea majini. Mimi nilibeba kapu, na ndani ya kapu ilikuwamo mizani. Naomba mnielewe: nilikataa. Nilikataa mara tatu, na bado niliibeba.

Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Alitoa macho tulipoisimika sahani ya shaba juu ya kaunta yake, lakini akajikaza, akaleta fimbo tatu. Shangazi akazipima moja baada ya nyingine, akiandika nyuma ya bahasha. Ya kwanza gramu mia nne na themanini, bei yake kama ya jozi ya ndala nzuri. Ya pili gramu mia tatu na kumi, bei yake viatu vya ngozi. Ya tatu, nyeusi, nyembamba, gramu mia moja na tisini, na bei yake ilikuwa ile ile ya miwani, sawasawa, kama vile mtu alikuwa amemchungulia mkoba.

Shangazi akaitazama bahasha. Akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Hapa umekosea," akamwambia muuzaji. "Umezipachika bei kinyume."

"Hapana, mama. Ile nyepesi ndiyo ghali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni nyepesi."

"Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya uzito miaka thelathini na mmoja. Kitu kikizidi uzito, bei inapanda. Kikipungua, inashuka. Wewe unataka nilipe zaidi ili nipewe kidogo?"

"Unalipia ule uzito ambao haupo, mama."

Nadhani ile sentensi ndiyo iliyomvuruga kabisa. Nilimwona midomo ikicheza, akiirudia kimoyomoyo. Uzito ambao haupo. Muuzaji akamwomba aishike basi ile fimbo, ausikilize mkono wenyewe unasemaje. Shangazi akakataa katakata. Mkono una maumivu, alisema, na mwenye maumivu haulizwi uzito, atatia chumvi.

Tukaondoka mikono mitupu. Njia nzima alikuwa akizozana na nafsi yake. Akinunua fimbo, ataishika lakini hataona kiboya. Akinunua miwani, atakiona kiboya vizuri sana, ila fimbo hataweza kuishika. Mara mbili alinigeukia akaniuliza mimi ningefanya nini, na mara zote mbili hakungoja jibu. Kusema kweli mimi pia kichwa kilikuwa kimeshaanza kuniuma.

Tulipofika nyumbani akaona heri aipime fimbo yake ya zamani, ajue hasa anakimbia gramu ngapi. Ni fimbo ndefu ya vipande viwili, mshipi unafungwa kwenye ncha, basi, haina makorokoro. Kwenye mpini, chini ya rangi ya kung'aa, bado unasomeka mwandiko wake wa siku walipoinunua: 390. Akavilaza vipande kwenye sahani, akaongeza jiwe, akaongeza jingine, akaongeza na dogo.

Mia tano na ishirini.

Akapima tena. Mia tano na ishirini.

"Imenenepa?" nikauliza. Sikuwa natania sana.

Shangazi alikuwa amebadilika rangi. Katika maisha yake kitu kikishapimwa kimepimwa, hakuna kukirudia, na sasa ama mizani yake ilikuwa imeharibika ama dunia. Akaleta pasi, ikatoka 1,675 vile vile. Akaleta sufuria, haikupungua hata gramu. Akaketi. Nilimhurumia, maana nilimwona anaogopa mizani ile kama mtu anayemtilia shaka rafiki wa siku nyingi.

Mimi ndiye niliyeugusa mwisho wa mpini. Pale palikuwa na kizibo cha mpira, kimekazwa vizuri, kazi ya mkono wenye subira. Nikakizungusha. Ndani kulikuwa na kitambaa laini cha manjano, kile ambacho Fundi Saa alifutia vioo vya saa zake, na ndani ya kitambaa vipande vya risasi, ile ya kuzamishia mshipi, vimekatwa sawasawa na kupangwa visilie. Tukaviweka kwenye sahani. Gramu mia na thelathini kamili.

Shangazi akavitazama kwa muda mrefu. Halafu ikamjia. Miaka kumi na miwili nyuma, mkono ulipoanza kumsumbua mara ya kwanza, alikuwa akilalamika kila siku kuhusu fimbo ile. Mumewe akaichukua, akakaa nayo siku mbili dukani kwake, akairudisha. Alipomuuliza ameifanya nini, alijibu maneno mawili tu: nimeipunguza uzito. Na mkono ulipoa kweli. Shangazi aliwasimulia posta nzima jinsi mumewe alivyo fundi.

"Mwongo," akasema taratibu. "Kumbe ameniongezea. Miaka kumi na miwili ananibebesha risasi!"

"Labda alikuwa na sababu," nikasema.

"Sababu ni moja. Alikuwa hapendi kukaa juani. Alitaka nichoke mapema turudi nyumbani." Sauti yake ilikatika, na huyu ni mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani mbele za watu. Aliinuka, akaenda sebuleni, na picha ya marehemu akaigeuza ikatazama ukuta.

Nilimfahamu Fundi Saa. Alikuwa akikaa juani kwa saa nne bila kofia, akimtazama mkewe zaidi ya kiboya. Lakini risasi zilikuwa pale kwenye sahani, na hesabu ya shangazi ilikuwa sahihi, na mimi sikuona mbele wala nyuma.

Hata hivyo, mtu wa mizani ni mtu wa mizani. Kesho yake hasira zilikuwa zimemshuka na furaha ya aina fulani imempanda. Fimbo sasa ilikuwa mia tatu na tisini. Ameipunguza gramu mia na thelathini, na hakulipa hata senti. Miwani itanunuliwa. "Mwambie yule wa ndevu," aliniambia, "uzito ambao haupo nimeupata bure."

Jumamosi nikaenda naye, kwa sababu nilitaka kuona. Ukuta wa bwawa ni mpana, wa zege, na asubuhi huwa bado una baridi. Alifungua kiti, akatia chambo, akarusha. Risasi za mumewe alikuwa amezibeba kwenye mkoba, katika kitambaa kile kile, akisema atazikata azifungie mshipini. Nusu saa ya kwanza alikuwa na maneno mengi. Nusu saa ya pili akanyamaza. Nikaona ncha ya fimbo inainama, inainama, mpaka inagusa maji, naye anaivuta juu kwa mikono miwili huku amekunja uso.

"Kuna samaki?" nikauliza.

"Hakuna samaki."

Saa moja na robo tangu tufike, aliiachia. Ikaanguka kwenye zege kwa kelele. Kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi. Alikitazama, akaitazama fimbo, akaangalia yale maji, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa chenji isiyoeleweka.

"Ni nyepesi," alisema. "Nimeipima mwenyewe. Ni nyepesi kuliko juzi, kuliko mwezi jana, kuliko miaka kumi na miwili yote. Mbona inaniua?"

Akasema basi, imekwisha, ameacha. Alisema bila kufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Akatoa kile kitambaa mkobani. "Rudisha vitu vya mwenyewe mahali alipoviweka. Uibebe, uitundike chumbani kwako. Sitaki kuiona."

Nikazirudisha risasi moja moja mpinini, nikakaza kizibo. Fimbo ilikuwa imelala upande wake, kwa hiyo akaishika kwa mkono wake mbovu ili anipitishie juu ya kiti. Akasimama hapo hapo.

"Lete fimbo," nikamwambia.

"Ngoja."

Ncha ilikuwa imenyanyuka yenyewe. Haikuinama kuelekea majini hata kidogo. Alikuwa ameishika kwa vidole vitatu, na ile fimbo ndefu ilikuwa imetulia hewani.

"Umetoa?" akaniuliza.

"Nimerudisha, shangazi. Zote."

"Toa."

Nikatoa. Ncha ikaanguka, naye akaguna kwa maumivu. "Rudisha." Nikarudisha. Ncha ikapanda. Tulifanya hivyo mara nne, mtu akipita angedhani tumechanganyikiwa, na angekuwa sahihi. Nzito zaidi, na bado ni nyepesi. Shangazi alifumba macho, akafumbua. Alijaribu kunieleza kwa hesabu, akaanza na gramu mia na thelathini huku nyuma na ule urefu wote kule mbele, akapotea njiani, akaanza upya, akapotea tena. Mimi ninachojua ni hiki: mkono wake haukuwa tena unapigana na ile ncha.

"Aliniambia ameipunguza uzito," akasema.

"Ndiyo."

"Na alikuwa ameongeza."

"Ndiyo, shangazi."

"Na alikuwa ameipunguza." Hapo sasa machozi yakamtoka, mchana kweupe, juu ya ukuta wa bwawa, na hakuyafuta.

Hakuvua tena siku ile, mkono ulikuwa umeshaumia. Lakini njiani alipitia duka la zana za uvuvi, bila mizani safari hii. Yule kijana alipotuona alianza kushusha ile fimbo nyeusi.

"Iache hapo," shangazi akamwambia. "Nipe risasi ya gramu thelathini. Mkono wangu umezidi kuchoka kuliko enzi zile, nataka kuipunguza fimbo uzito kidogo tena."

Kijana akaduwaa. Akanitazama mimi, nami nikamwambia, "Muuzie tu, kaka. Hata sisi hatuelewi." Kilikuwa kitu cha bei rahisi kuliko vyote dukani. Alikifunga kwenye kipande cha gazeti, akarudisha chenji, na tulipotoka alikuwa bado anajikuna ndevu.

Nyumbani shangazi alienda moja kwa moja sebuleni kabla hata ya kuvua viatu. Akaigeuza picha, akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akasimama mbele yake kama mtu aliyechelewa kazini.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekusikiliza."

Mimi niliyekuwa mlangoni na fimbo nilikaa kimya, kwa heshima. Fundi Saa angemwambia ukweli, shangazi angeipeleka fimbo kwenye mizani siku ile ile, akasoma mia tano na ishirini, na angezitoa zote.