Upinde wa Bwana Harusi

Nyanya wa mchumba wangu, ambaye sote tulimwita Kambo, kama bibi anavyoitwa kwetu, alishuka kutoka upande wa Mokambo na kuku chini ya kwapa na sharti moja. Kwao Wabemba, alisema, bwana harusi haingii kwa mke mikono mitupu. Anaingia na upinde, bibi harusi ameketi chini ya ukuta, na ukutani, juu ya kichwa chake, pamechorwa alama nyeupe. Mwanamume anapiga mshale kwenye alama hiyo, ndipo anahesabiwa kuwa mume. Na upinde wenyewe hanunui wala haazimi. Anauchonga kwa mikono yake.

"Na kama mushale inaanguka, Kambo?" niliuliza.

"Mwanaume gani haweze kupiga kibambazi?" akasema, akiuonyesha ukuta kwa kidole na kunitazama toka viatu hadi tai. "Inaanguka, unarudia kwenu. Utajifunza mwaka muzima, kisha utakuya tena."

Mimi nilizaliwa Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Baba yangu aliletwa na reli kutoka kaskazini, na mimi nilikuwa nauza tiketi pale stesheni. Zilikuwa siku zile Katanga ilipojitenga. Tulikuwa na bendera mpya na stempu mpya, lakini treni za kaskazini hazikwenda, njia ilikuwa imekatwa. Kwa hiyo nilishinda nyuma ya dirisha nikiwaambia watu kwamba treni hakuna. Kazi hiyo haimchoshi mtu, na jioni nilikuwa na nguvu zangu zote za kuchonga.

Nilianza na mpini wa jembe la mama, kwa sababu ulikuwa umekwisha kunyooka na mimi ni mtu wa kupenda kazi iliyokwisha kuanzwa. Nikaukalia, nikaukanyaga, nikautia magotini. Haukutaka kupinda. Nikakasirika, nikaupinda kwa nguvu ya hasira, ukavunjika kwa mlio uliowatoa majirani nje.

"Na mie nitalima na nini?" mama akauliza. "Na meno?"

Basi nikachukua baiskeli, nikaenda nje ya mji, nikakata tawi. Lilikuwa zuri, limejaa majani na maji. Nikalitundika juu ya mbabula, lile jiko la mama, likauke kwa moto wa makaa, na nikaenda zangu kupumzika kama fundi.

"Toa kijiti yako!" nikamsikia mama. "Maji yake inaanguka mu bukari ya bantu!"

Tulikula ule ugali hivyo hivyo, una ladha ya dawa ya minyoo. Baba alikunywa maji mengi.

Kuchonga kwenyewe nilifanya kwa kisu, kisha kwa kipande cha chupa. Nilichonga upande wa juu, nikaona umekuwa mwembamba kuliko wa chini. Nikachonga wa chini, sasa ukawa mwembamba kuliko wa juu. Ilikuwa kama kujinyoa masharubu bila kioo: kila ukisawazisha, unabaki na kidogo zaidi. Nilipoacha, upande mmoja ulipinda vizuri sana na mwingine ulikataa kabisa, umesimama wima kama askari wa zamu.

Kamba nayo niliifanya kwa waya wa shaba. Katika mji huu ambao hata mvua yake ina harufu ya shaba, mtu atafute kamba ya nini tena? Nikavuta waya. Ukavutika. Nikauachia, ukabaki vile vile ulivyovutika, umelegea tumboni mwa upinde. Nikatoa matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha nikafunga kamba ya katani ya gunia.

Mchumba wangu alipokuja kututembelea, nikamwonyesha. Aliugeuza upinde huku na huku akitafuta mahali pa kuusifu.

"Njo hii, upinde yenyewe?" akasema mwishowe.

"Njo hii."

"Na mie nitaikala chini ya kibambazi?"

"Usiogope. Siwezi kukupiga."

"Siogope kupigwa." Hapo aliacha kucheka. "Mwaka muzima iko murefu. Mi sitake kungoja."

Nami sikutaka. Nilikuwa nampenda hata nilikuwa nakosea kuhesabu tiketi ambazo hazikuuzwa, na kumbe maisha yetu yalining'inia kwenye kijiti kilichopinda upande mmoja. Nilimwambia nitafanya mazoezi. Nilifanya, na kuku wa jirani hawakuwahi hata kuhama.

Siku ya harusi watu wetu walitangulia na vinywaji. Mimi nikafuata kwa baiskeli, suti nyeusi, tai, upinde na mshale mgongoni. Nikakata kona, nikakutana na kizuizi cha askari, magunia ya mchanga na bunduki. Hapo ndipo akili iliponirudia. Kule kaskazini, kwa akina baba yangu, vijana walikuwa wanapigana na askari hawa hawa, na silaha yao ilikuwa mishale. Na mimi, mwenye sura ya baba na jina la baba, nilikuwa nimewaletea upinde mpaka mlangoni. Jasho lilinitoka mpaka ndani ya viatu.

"We! Simama! Ile nini?"

"Upinde, chef."

"Unaenda ku vita?"

"Ku mariage, ku ndoa yangu, chef. Njo desturi ya kwabo bibi yangu."

Mkubwa wao alinizunguka polepole. Halafu akaonyesha bidoni tupu, dumu la petroli lililokuwa karibu. "Piga ile. Tuone."

Nikavuta. Upande mmoja wa upinde ukanisikiliza, mwingine ukakataa. Mshale ukaruka juu kidogo, ukageuka, ukaanguka juu ya kiatu changu mwenyewe.

Kisha askari mmoja akakaa chini juu ya magunia akilia kwa kicheko, na mwingine akaniomba nirudie.

"Aende," mkubwa akasema, akijifuta macho. "Huyu hata panya hataweza kumutisha."

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Nilikanyaga pedali nikiimba. Lakini nilipofika karibu na nyumba ya wakwe nikaacha kuimba, maana upinde uliokuwa umeniokoa ulikuwa ule ule niliotakiwa kupigia ukuta.

Ndani wanawake walikuwa wanaimba. Mchumba wangu aliketi kwenye mkeka chini ya ukuta wa matofali ya udongo, kitenge kichwani, macho chini. Bibi harusi hatakiwi kusema wala kusogea. Kambo akaniashiria. Nikavuta, nikaachia, na mshale ukaenda ukadondoka mapajani mwa mchumba wangu, taratibu kabisa.

Wimbo ulikatika. Kambo akavuta pumzi, na nilijua atakachosema.

Mchumba wangu akaushika mshale. Akasimama, kitenge kikamwanguka, akauchomeka mwenyewe ukutani kwa mikono miwili, katikati ya ile alama, akausukuma mpaka ukasimama.

"Kambo," akasema, "mi nilisha kuolewa."

Akaketi tena, akajifunika kitenge, akainamisha macho kama inavyotakiwa. Mimi nililia mbele ya wakwe wote, wala sikuona haya. Kambo aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akautazama tena ukuta. Halafu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele.