Mgonjwa wa Mtaroni

Tulisikia ukemi kabla ya kuona mtu. Ulitoka chini ya mteremko, sauti kali ya mwanamke: "Uuui! Mguu wangu! Nakufa!" Mama akatupa sururu, nikamfuata mbio. Wanawake wote wa mwethya, kikundi chetu cha kuchimbiana mitaro ya kuzuia mmomonyoko, wakamiminika nyuma yetu. Tukamkuta amelala chali ndani ya mtaro, gauni jeupe limejaa vumbi, macho ameyafumba. Alikuwa tabibu wa zahanati yetu ya Kyuso.

Wanne wakamshika, huyu mkono, yule mguu, wakamnyanyua kama mbuzi wa sherehe.

Akafumbua jicho moja, mzima kabisa, kumbe alikuwa akitupima. "Haya, mmeshanivunja uti wa mgongo. Nichimbieni kaburi. Majembe si mnayo?"

Wengi walicheka. Mama hakucheka. Mwaka uliotangulia dada yake alianguka kisimani, nasi tukambeba vivyo hivyo, huyu mkono, yule mguu, kwa mapenzi yetu yote. Hakusimama tena, na kabla ya kuvuna ndengu tulikuwa tumemzika.

"Nifundishe," mama akasema.

Darasa likaanza sebuleni kwetu, kila Alhamisi mchana. Ubao haukuwapo, maana wengi hawakujua kusoma. Ubao ulikuwa mwili wa tabibu mwenyewe. Wanawake walimfunga kwa leso na vijiti, wakambeba kwa machela ya magunia na miti miwili, wakamwangusha, akawatukana, wakambeba tena. Halafu alikuwa akijiangusha sokoni bila taarifa, mbele ya wauza mbuzi, na ole wao wakichelewa. "Nimeshapoa!" aliwafokea. "Nendeni mkapike chai ya matanga!"

Sitamfanya malaika. Aliyelegeza kitambaa alifinywa. Watu walimsema kwa kukosa mume na watoto, naye aliwajibu, "Watoto ninao tele, ila wamenizidi umri."

Ndipo ofisa wa afya akaja na Landrova kutoka mjini, kijana wa suti, akamkuta mama amepiga magoti akimfunga jirani mguu.

"Dada, unawapa hawa kazi ya serikali?" alimwuliza tabibu. "Hata kusoma hawajui. Mtu akifia mikononi mwao?"

"Mikononi mwao ndimo wanamofia siku zote, mwanangu. Gari lako tunaliona mara ngapi?"

Akatoa barua. Atie sahihi kwamba amefunga darasa, la sivyo mwisho wa mwezi ahamie kituo kimoja karibu na Kambu, kando ya barabara ya Mombasa.

"Chagua."

"Lala hapo kwanza."

"Nini?"

"Lala kwenye machela. Hujaionja kazi ya mwanafunzi wangu, unamfungiaje darasa?"

"Atalalaje?" bibi mmoja akadakia. "Soksi zimetoboka, anaogopa tutaziona."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Ofisa akakaza tai. Tabibu akamrudishia barua yake bila sahihi, akasema taratibu, "Zahanati ni ya serikali. Nyumba hii ni ya huyu mama. Mimi utanihamisha. Yeye utamhamishia wapi?"

Maneno yalikuwa matamu, lakini usiku ule mama hakula. Alijua kufunga mguu. Kusimama mbele ya wenzake na kuwafundisha hakuwahi kujaribu, na ofisa alikuwa na hakika kwamba darasa lingekufa siku mwalimu atakapopanda gari.

Gari la kumhamisha tabibu lilikuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa ya darasa. Nadhani walikusudia. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, wengine wakifuta macho kwa ncha za leso. Mama alimlaza yule bibi mwenye ulimi mkali kwenye machela, akapiga magoti kichwani pake. "Shingo kwanza," akasema. Waliokuwa wakilia hawakumsikia. Akakohoa. "Shingo kwanza! Anayelia ataona vipi shingo?"

"Nilie mimi niliyelazwa kwenye gunia la kuwasha," bibi akanung'unika.

Tabibu alisimama mlangoni na sanduku lake la bati. Alifungua mdomo, labda alitaka kuaga, labda aliona kosa la kusahihisha. Mama hakuinua kichwa.

"Mwalimu, nenda. Unaingizia mgonjwa vumbi."

Yule mwanamke ambaye hakuna ofisa aliyewahi kumnyamazisha akainamisha kichwa, akatii. Akatoka. Nami nikafunga mlango nyuma yake.