Saa Moja ya Kwenda Dar

"Bibi, ni saa moja tu! Ukipanda ndege pale uwanjani, hujamaliza hata soda umeshafika Dar. Kwa nini nikae kwenye basi kutwa nzima, kilomita mia tano na zaidi, halafu likiharibika nilale Korogwe?"

Ndivyo nilivyomjibu leo mchana, maana alitaka niwe nimeondoka na basi la asubuhi. Mama amelazwa Dar, anapasuliwa Jumatatu asubuhi. Hatujasemeshana tangu Krismasi, na kosa ni langu: nilimwambia mbele ya wageni kwamba alinizaa tu, hakunilea. Bibi amenichumia jani la isale nikamwombe msamaha, na isale ni jani la kukabidhi kwa mkono, halitumwi kwa posta. Lazima nimfikie kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Ndege ni kesho Jumapili, saa kumi na mbili jioni, na tiketi ninayo. Sasa wasiwasi wa nini?

Bibi aliendelea kumenya ndizi. "Hiyo ndege inashuka hapa kihambani, kwenye migomba yangu?"

"Bibi jamani! Mjomba ananipeleka uwanjani na gari lake."

"Haya. Kaa chini, unanichosha na kuzungukazunguka kwako."

Nikakaa.

"Mwanangu, na mimi niliwahi kuwa na haraka kama zako. Nakumbuka asubuhi niliyoletewa habari kwamba baba yangu anaumwa sana Tanga, alikokuwa fundi seremala. Treni ilikuwa inaondoka Moshi mchana. Nikasema, treni ndiyo inayosafiri, mimi kazi yangu ni kukaa tu. Nikamalizia kupalilia, nikaoga, nikasuka nywele. Ndiyo, nywele! Usicheke, nilikuwa mzuri. Kufika mto Rau, umejaa. Juu mlimani ilikuwa imenyesha, sisi huku hatuna habari. Nikasimama pale na kikapu kichwani mpaka nikasikia treni inapiga honi. Nilipofika Tanga, siku zimepita, nikaonyeshwa kaburi. Na tulikuwa tumegombana, mimi na baba, juu ya mume. Mpaka leo sijui kama alinisamehe."

Akafuta kisu kwenye kanga.

"Ukitaka kujua Dar ni mbali kiasi gani, anza kuhesabu hapa mlangoni, uishie kitandani kwa mama yako. Hiyo saa moja ya angani waachie wenye ndege. Huyo mjomba wako, Jumapili gari lake linaruhusiwa mpaka saa ngapi?"

Saa nane! Jumapili magari ya watu binafsi mwisho barabarani ni saa nane mchana, serikali inabana mafuta, na polisi wanasimama pale njia panda. Mjomba alisema tutoke saa tisa, tukishakula. Gari lake lilikuwa juu ya mawe miezi yote hii, sheria kaisahau. Na mimi je?

Bibi hakunicheka. Alinishika kichwa kwa mikono yake yenye utomvu wa ndizi. "Ruwa, Mungu wetu, akutangulie. Umkute mama yako anaongea, naye akukute umejifunza kunyamaza."

Nimeshapanda kwa mjomba kumwambia. Kanuna, anasema nitashinda uwanjani kama mzigo usio na mwenyewe. Nitashinda. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimesimama kwenye mlango wa gari lake, misa nitasali njiani. Lisipowaka, simsubiri fundi: nateremka kwa miguu mpaka barabara kuu nikatafute basi la kunifikisha uwanjani, na mchana wote ukiwa bado wangu.