Mkwe Asiyepikiwa

Kwa watu wa mke wangu, kufunga ndoa peke yake hakumwingizi mkwe wa kiume nyumbani. Anaingizwa kwa chakula. Siku mama mkwe anaporidhika naye, huwaita dada zake, wanapika vyungu kadhaa na kumpelekea wakiimba. Kuanzia hapo haya inaondoka: mkwe na mama mkwe wanaweza kutazamana, kula pamoja, hata kucheka pamoja. Kabla ya hapo wanapishana njiani na kutumiana maneno kupitia kwa binti. Nilikaa miaka kumi na tisa bila kupikiwa.

Sababu ilikuwa kazi yangu.

"Anachekeshaka bantu," mama mkwe alimwambia binti yake mwaka tulipooana, nami nikiwa nyuma ya mlango. "Ile njo kazi? Siku atapata kazi, nitamupikia."

Hakuna aliyenifundisha uchekeshaji. Nilijifunza kama fundi anavyojifunza injini, kwa kuifungua. Nilikuwa na daftari: ukurasa wa kushoto mzaha, wa kulia urefu wa kicheko, kwa sekunde nilizohesabu kichwani nikiwa bado nimesimama mbele ya watu. Kwenye arusi na katika nganda, zile baa za Likasi, wenzangu waliishi kwa mizaha juu ya mama mkwe. Mimi sikuigusa. Juu ya jalada la daftari niliandika kwa wino mwekundu kwamba huyo haguswi.

Kisha televisheni ya hapa mjini ikaniita. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele, na mpiga picha alikatazwa kucheka. Juma la kwanza nilisema mzaha wangu, nikangoja kicheko kama nilivyozoea. Mji mzima ukaniona nimesimama kimya, nikitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nilirudi kwenye daftari, nikajizoeza kusema bila kungoja kitu.

"Na mama?" nilimuuliza mke wangu. "Anatazama?"

"Ukitokea, anageuza kiti. Anaangalia ukuta."

"Anazima?"

"Hapana. Anageuza kiti tu. Na mutoto akisema, anamunyamazisha."

Niliandika hilo pia, nikaweka alama ya kuuliza.

Mwaka jana kiongozi wa kwaya ya parokia alitunga mchezo wa kuimbwa juu ya wachimba mawe ya chokaa wa Kakontwe. Alinipa nafasi ya kapita, msimamizi wa kikosi, mtu anayejisikia mpaka anaanguka ndani ya chokaa, anatoka mweupe kichwa mpaka miguu, halafu anaimba na kukata kiuno. Sikuwahi kuimba jukwaani. Nilifurahi hadi nikakosa hamu ya kula. Lakini kila nilipofika kwenye mzaha, mazoea ya arusi yalinirudia, nikangoja kicheko.

"Papa," alinikemea kiongozi wa kwaya kutoka kwenye kinanda, "mizik haingojake muntu. Bacheke ao basicheke, ku ine unaingia!"

Nilihesabu moja mpaka nne nikinyoa, nikipanda ngazi, nikichota maji. Mwezi mzima.

Siku ya onyesho mke wangu alinifungia vifungo vya koti la kapita.

"Mama anakuya," alisema.

"Anakuya wapi?"

"Ku teatre. Bamama ba parokia bote banakuya." Akafunga kifungo cha mwisho. "Na mabenchi ya kule hayageukake."

Ni kweli, mabenchi ya ukumbi wetu yamepigiliwa sakafuni. Na mkwe ambaye hajapikiwa hakati kiuno mbele ya mama mkwe. Huo ni utovu wa adabu usio na jina. Nikicheza, huenda vyungu vile visipikwe tena maisha. Nisipocheza, naangusha kazi ya watu thelathini.

Saa tisa mchana ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Niliingia, nikaimba, wakacheka, na sikungoja hata mara moja. Nikaanguka ndani ya unga wa mihogo, ambao ndio ulikuwa chokaa yetu, nikainuka mweupe mpaka kope. Nilipofungua macho, mama mkwe alikuwa mstari wa pili, ananitazama.

Kinanda kikafika nne. Sikuingia. Kikafika nne tena. Kiongozi wa kwaya alinikazia macho kama anayetaka kunirushia kile kinanda.

Hapo mama mkwe akajifunika kitenge kichwani. Nikajua yamekwisha. Kisha kitenge kikaanza kutikisika. Kilitikisika mabegani, kikashuka, na jirani yake akamshika mkono asianguke. Nimepima vicheko miaka mingi. Kicheko kinachobanwa nakijua.

Kwenye nne iliyofuata niliingia, kiuno na yote. Unga ulipaa mpaka kwenye taa. Sijawahi kuwa mwepesi vile, na umri huu wangu. Watu walisimama, wakapiga vigelegele, na mimi nilikuwa ndani ya muziki, sawasawa, bila kumngoja mtu.

Jioni ile mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake na ujumbe.

"Anasema: umuambie, kapita alichelewa kuingia. Mara mbili. Asirudilie."

"Ni hivyo tu?"

"Na Jumapili asikule chakula ya nyumba yake."

Ilinichukua muda kuelewa. Kisha nikakaa kitandani, nikasimama, nikakaa tena.

Jumapili dada za mama mkwe walikuja wakiimba, vyungu saba vichwani, wakavipanga mkekani mbele yangu na kuvifunua kimoja kimoja. Mama mkwe aliingia wa mwisho. Aliletewa kiti, akakaa akielekea kwangu. Alinitazama mpaka nikameza tonge la kwanza. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, alisema nami mwenyewe.

"Mukwe wangu. Ule unga ulitoka mu masikio?"

"Bado, mama."

Akacheka. Nilihesabu, kwa mazoea: kumi na moja, na kitenge kikiwa begani.